Je, Wajua? Chakula cha Mwisho Husingiziwa

Tumbo likimshika mtu usiku wa manane, mshitakiwa wa kwanza ni chakula cha mwisho. Ni zile chipsi mayai za jioni. Ni ile mishikaki ya pale kona. Ni kachumbari ya mama lishe, ambaye wiki hiyo atapoteza wateja watatu wanne na huenda hana kosa lolote. Bakteria wanaoingia mwilini kwa chakula kila mmoja ana ratiba yake: yupo anayekuangusha ndani ya saa moja, yupo anayejivuta wiki mbili, na yupo anayeweza kukaa kimya hadi siku 70. Ndiyo maana daktari mzoefu hukuuliza ulianza kuumwa saa ngapi kabla hajakuuliza ulikula wapi.

Je, wajua kwamba vidonda vya mpishi mmoja viliwahi kuugulisha watu 197 wakiwa safarini angani?

Februari 1975, ndege ya Shirika la Ndege la Japani iliyotoka Tokyo kwenda Paris ilitua Anchorage, Alaska, ikapakia chakula, ikabadilisha marubani, kisha ikashika njia ya Copenhagen. Kifungua kinywa kilikuwa kimanda chenye vipande vya paja la nguruwe. Kabla ndege haijatua, abiria walishaanza kutapika na foleni ya chooni haisogei. Hesabu ilipokamilika, waliougua walikuwa 197, na zaidi ya 140 kati yao walilazwa. Marubani hawakuguswa. Wao walipandia Alaska, na matumbo yao yalikuwa bado yanafuata saa za huko, saa za chakula cha jioni, kwa hiyo wakala nyama badala ya kimanda.

Wachunguzi walirudi Anchorage, wakamkuta mpishi mwenye vidonda vidoleni. Bakteria aliyekuwa kwenye vidonda ndiye yule yule wa kwenye kimanda, stafilokoki. Huyu anaishi puani mwa karibu mtu mmoja kati ya watatu bila kumsumbua mwenyewe, na chumvi inayowashinda bakteria wengi yeye anaistahimili. Akidondokea kwenye chakula, na chakula hicho kikaachwa saa kadhaa bila baridi ya kutosha, anazaliana na kumwaga sumu. Hapo ndipo penye ujanja wake. Ukikipasha moto chakula hicho mpaka kitokote, bakteria wanakufa, sumu inabaki pale pale. Na kwa kuwa sumu imeshatengenezwa nje, mwili haungojeshwi: kati ya nusu saa na saa nane mtu anatapika kwa nguvu, mara nyingi bila homa, na kesho yake au keshokutwa amepona. Antibiotiki hapa ni kutupa hela, kwa sababu hakuna wa kuuawa.

Kiporo cha wali nacho kina kisa kinachokaribiana na hicho. Mchele hutoka shambani na mbegu ngumu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo haziogopi sufuria inayotokota. Wali ukilala mezani umefunikwa na sahani, mbegu zinachipua, na baadhi ya bakteria hao hutoa sumu ya kutapisha ambayo hata moto wa nyuzi 121 kwa saa nzima hauimalizi. Basi ule wali uliokaangwa asubuhi kwa kitunguu, mtamu kwa chai ya rangi, unaweza kumtapisha mtu kabla hajafika kazini. Ratiba yake ni saa moja hadi sita. Na wala haunuki. Pua inawajua bakteria wanaoharibu chakula. Wanaomharibu mlaji mara nyingi hawana harufu, hawabadilishi rangi, hawaleti utelezi.

Hesabu yenyewe ni ya kutisha kidogo. Katika joto linalomfaa, bakteria anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Aliyekuwa mmoja saa mbili usiku, ifikapo saa tisa usiku amekuwa zaidi ya milioni mbili. Eneo la hatari ni kati ya nyuzi joto 5 na 60, na hakuna jiko la Dar es Salaam wala Mombasa lililowahi kutoka humo. Saa mbili baada ya kuepuliwa, chakula kiwe kimeliwa au kimeingia kwenye friji.

Je, wajua kwa nini pilau ya shughuli huanza kuuma usiku?

Tazama sufuria lenyewe, lile la kugeuzwa na watu wawili. Limepikwa alfajiri, likapaliwa makaa juu ya mfuniko, makaa yakazimika, na wageni wakaja saa nane badala ya saa sita kama kawaida yetu. Juu pamepoa, pembeni pamepoa, lakini katikati, penye minofu, pana uvuguvugu usioondoka na hewa haifiki. Hapo ndipo bakteria aitwaye Clostridium perfringens anapopapenda. Kwenye nyuzi 43 hadi 47 anaweza kugawanyika kila dakika kumi, mara mbili ya kasi ya wale wa kwenye hesabu yetu. Sumu yake huitoa akishafika tumboni, kwa hiyo anachelewa: saa 6 hadi 24. Mgeni anarudi kwake mzima, anasifia harusi, anakunywa chai, analala. Anaamshwa na tumbo la kukata na kuharisha, bila kutapika na bila homa. Chai inalaumiwa.

Wapishi wa shughuli wanaoijua kazi hawaachi makaa yazimike, na pilau iliyobaki huitandaza kwenye masinia ipoe upesi kabla ya kuhifadhiwa. Kuipeleka nyumbani na sufuria lake zima, imejaa na imefunikwa, ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Je, wajua kwamba uwatu uliwahi kuzua msiba Ujerumani, na tango la Hispania ndilo lililotiwa hatiani?

Kumbe hata wataalamu husingizia. Mei 2011, kaskazini mwa Ujerumani, watu walianza kuharisha damu, na wengine figo zikagoma. Ajabu ni kwamba wengi walikuwa wanawake wazima wenye afya zao, wala si watoto kama ilivyozoeleka. Maofisa wa Hamburg wakanyoosha kidole kwa matango kutoka Hispania. Wanunuzi wakayakimbia, wakulima wakayamwaga. Wagonjwa walipoulizwa walikula nini walitaja nyanya, matango na saladi, kwa sababu ndivyo vitu mtu anavyovikumbuka.

Wachunguzi wa Taasisi ya Robert Koch wakageuza swali. Waliwaacha walaji, wakawafuata wapishi: walichukua orodha ya sahani zilizoagizwa kwenye mgahawa, wakauliza ndani ya kila sahani kuna nini hasa. Hapo ndipo yalipojitokeza machipukizi mabichi, kile kipambo cha juu ya saladi ambacho mtu hukila bila kukitia akilini. Yalitoka kwenye shamba moja la Saxony ya Chini, na mbegu zilizoshukiwa zaidi zilikuwa za uwatu kutoka Misri. Bakteria alikuwa E. koli wa aina ya O104:H4. Waliougua walipita 3,800, wenye matatizo ya figo walipita 800, waliokufa walizidi 50. Uwatu unaochemshwa kwenye uji wa mzazi hauna neno, umepita motoni. Hawa waliula mbichi, baada ya kuoteshwa kwenye joto na unyevu ambao bakteria naye anaufurahia.

Mtu akiona damu kwenye choo, asikimbilie vidonge vya kufunga kuharisha. Bakteria wa aina hii akizuiwa asitoke, sumu yake inabaki mwilini muda mrefu zaidi, na zipo antibiotiki zinazoweza kuzidisha hatari ya figo. Huyo ni mgonjwa wa hospitali, na ni wa siku hiyo hiyo.

Taifodi ndiyo hasa inayodhihirisha kwamba kulaumu chakula cha jana ni kazi bure. Kwa kawaida huanza wiki moja hadi mbili baada ya bakteria kuingia, wakati mwingine hata karibu mwezi. Huanza kwa homa inayopanda siku hadi siku, kichwa kuuma, mwili kuchoka, hamu ya kula kuondoka. Wengi husubiri kuharisha ndipo waamini, na hapo hupotea njia, maana watu wazima wengi wenye taifodi hufunga choo. Ikiachwa bila tiba hadi wiki ya tatu, utumbo unaweza kutoboka.

Na hapa niseme wazi kuhusu kile kipimo cha haraka tunachokipenda. Kipimo cha Widal kilianza mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria, kinatafuta kinga ambayo mwili umeitengeneza. Aliyeugua zamani anaweza kuwa nayo, aliyepata chanjo pia, na hata malaria inaweza kukidanganya. Karatasi ya majibu yenye 1:160 peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Kilicho bora ni damu kuoteshwa maabara, tena kabla mgonjwa hajaanza kumeza dawa. Ni wangapi mitaani wanaotibiwa "taifodi sugu" mwaka baada ya mwaka, na sindano kila mara, kwa ugonjwa ambao pengine hawajawahi kuwa nao? Huku antibiotiki zinazidi kuzoeleka na taifodi ya kweli inazidi kuwa ngumu kutibu.

Je, wajua kwamba mtu anaweza kueneza taifodi miaka mingi bila kuumwa?

Bakteria wa taifodi haishi kwa kuku wala ng'ombe, kwa binadamu tu, na kwa wachache waliopona hujificha kwenye mfuko wa nyongo. Mary Mallon, mhamiaji kutoka Ireland, alikuwa mpishi wa matajiri jijini New York. Mwaka 1906, kwenye nyumba moja ya mapumziko huko Oyster Bay, watu 6 kati ya 11 walipata taifodi. Mhandisi wa usafi George Soper alifuatilia nyumba alizowahi kupikia Mary na kukuta ugonjwa umeacha nyayo nyumba baada ya nyumba. Mlo alioushuku zaidi ulikuwa aiskrimu yenye matunda ya pichi mabichi, kwa kuwa vyakula vingine vilipita motoni na hicho hakikupita. Alipomwendea kumwomba sampuli za choo na mkojo, Mary alimtimua kwa uma mkubwa wa kukatia nyama.

Alitengwa kisiwani kuanzia 1907 hadi 1910, akaachiwa kwa sharti la kutopika tena. Mwaka 1915 alikutwa akipika kwenye hospitali ya wazazi kwa jina la Bi. Brown, watu 25 wakiwa wameugua. Alirudishwa kisiwani, akakaa hadi alipofariki Novemba 1938. Hadi leo watu wanabishana kama alitendewa haki, na mimi nipo upande wa wanaosema hakutendewa: wapo wabebaji wengine waliojulikana jijini humo ambao hawakufungiwa kisiwani. Lakini somo la choo na mikono ya mpishi lilieleweka dunia nzima kupitia kwake.

Je, wajua kwamba tiba iliyookoa watoto wengi kuliko dawa nyingi za duka ni sukari na chumvi?

Kinachoua katika kuharisha mara nyingi ni ukavu, maji na chumvi kumtoka mtu kuliko anavyorudisha. Mwaka 1960, kwenye mkutano mjini Prague, Robert Crane alieleza jinsi ukuta wa utumbo unavyopitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Zikipita hizo mbili, maji huzifuata, na mlango huo hubaki wazi hata mtu anapoharisha vibaya. Ndipo mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika Bangaon, upande wa India, na kipindupindu kikawafuata. Daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala sakafuni na dripu zinaisha. Akaagiza mchanganyiko wa glukosi, chumvi ya mezani na magadi ya kuokea, ukakorogwa kwenye mapipa yenye bomba, na ndugu wa wagonjwa wakapewa vikombe wawanyweshe wenyewe. Vifo, vilivyokuwa vikifikia watu 20 hadi 30 katika kila 100, vilishuka chini ya 4.

Ndicho kile kipakiti cha ORS kilichopo kwenye duka lolote la dawa, na inashangaza jinsi watu wanavyokidharau wakaomba Flagyl. Kipakiti cha kawaida ni cha lita moja ya maji safi, lakini soma maelezo, kwa sababu vipo vya vipimo vingine. Ukikikosa, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kufutwa, si vya mlima. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Kilichobaki baada ya saa 24 mwaga, changanya kipya. Soda haifai, sukari yake ni nyingi na huvuta maji zaidi kwenda tumboni.

Mgonjwa akitapika, mwache dakika kumi, kisha mpe polepole, kijiko baada ya kijiko. Mtoto chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, aliyevuka miaka miwili nusu hadi kikombe kizima. Ziwa la mama lisikatizwe hata mara moja, na chakula kiendelee kidogo kidogo. Zahanati itampa mtoto vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14; vimalizwe hata kama kuharisha kumekoma siku ya pili.

Je, lini hali imevuka mpaka wa nyumbani? Damu kwenye choo. Homa kali. Kutapika kiasi kwamba hata maji hayakai. Kukaa saa nane bila kukojoa. Kuharisha zaidi ya siku tatu. Macho kuzama, utosi wa mtoto mchanga kudidimia, mtoto kulegea asitake hata ziwa. Bana ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili, uiachie: ikikawia kurudi zaidi ya sekunde mbili, ondokeni sasa hivi, na ORS mkononi mkimnywesha njiani. Mjamzito, mzee, na mwenye kinga dhaifu wasingoje hata dalili hizo.

Kuna dalili moja isiyofanana na hizi zote: kuona vitu viwili viwili, kope kuanguka, ulimi kuwa mzito, kumeza kukawa kazi, na akili ipo timamu. Huo ni ugonjwa wa botulizimu, na unaweza kuzima pumzi. Mwaka 1980 jarida la tiba la BMJ liliandika juu ya watu nchini Kenya walioupata baada ya kula kumbikumbi waliokaa siku kadhaa kwenye mfuko wa plastiki. Kumbikumbi hawana hatia. Waliokaangwa wakaanikwa juani huliwa miaka nenda miaka rudi. Mfuko uliofungwa ndio uliowanyima hewa, na bakteria wa botulizimu huchipuka mahali pasipo na hewa. Mbegu zake hukaa pia ndani ya asali, nazo huweza kuota kwenye utumbo wa mtoto mchanga. Kwa hiyo ile desturi ya kumlambisha kichanga asali ingoje mpaka amalize mwaka.

Sasa huyo wa siku 70. Anaitwa listeria, na alisumbua Afrika Kusini kuliko ilivyowahi kuonekana popote: kati ya 2017 na 2018 wagonjwa 1,060 walithibitishwa na zaidi ya 200 walikufa, wakiwemo watoto wachanga wengi walioambukizwa wakiwa tumboni mwa mama zao. Fikiria kazi ya mchunguzi anayemwuliza mama aliyefiwa alikula nini mwezi uliopita. Njia ilifunguka Januari 2018, watoto wa kituo kimoja cha kulelea huko Soweto walipofika hospitali wakiwa wanaumwa tumbo. Maofisa wa afya walikwenda kituoni, wakafungua friji, wakakuta poloni, ile soseji nene ya bei nafuu inayokatwa vipande na kupakwa kwenye mkate. Vipimo viliwapeleka hadi kiwandani Polokwane, na Machi 4 waziri wa afya, Aaron Motsoaledi, akatangaza chanzo. Nchi kadhaa za Afrika zilisimamisha nyama hizo mipakani.

Poloni ile haikuachwa nje na mtu mzembe. Ilikuwa kwenye friji, mahali tunapopaamini, na listeria ni mmoja wa wachache wanaoendelea kuzaliana humo, polepole, hata kwenye nyuzi 4. Mama mjamzito anayependa soseji na nyama za pakiti si lazima aziache. Azipashe mpaka zifuke mvuke, hadi katikati, ndipo ale.